Hewa ya Kisima cha Stanislas

Mademoiselle Constance Maréchal alishuka kwenye treni mjini Élisabethville na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la vioo, na lile la vioo ndilo alilokataa kumwachia mpagazi. Alilikumbatia mwenyewe kutoka behewani hadi garini, kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Ndivyo Léonard Numbi alivyomwona mara ya kwanza, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 1958: mwanamke mwembamba, nywele fupi, uso umeloa jasho, akinyata ili chupa zake zisigongane.

Léonard alikuwa laborantin, yaani mtayarishaji wa majaribio, katika chuo kikuu kipya cha mji huo. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika reli. Yeye akazaliwa katika kambi ya reli, akasomeshwa na mapadri, na kwa miaka mingi alipima shaba katika mawe ya migodi kabla chuo hakijamchukua. Alikuwa amezoea kuambiwa «tu», yaani «wewe» ya Kifaransa ya kumwambia mtoto, na Wazungu, hata wale aliowazidi umri. Mademoiselle Constance alimwambia «vous», ile ya heshima, tena akamwita «Monsieur Numbi» mbele ya watu, na Léonard akabaki anatafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Walipokuwa wakifungua sanduku la vioo, alimweleza kilichomleta. Walizungumza Kifaransa, maana Kiswahili cha yule bibi kilikuwa bado cha kuombea maji tu.

"Monsieur Numbi, ukichoma kuni, kinabaki nini?"

"Majivu, Mademoiselle."

"Na moshi. Na ndani ya moshi kuna hewa isiyoonekana, gaz carbonique. Hiyo ndiyo kuni yenyewe iliyokwisha kuungua. Ukiiwasha haiwaki tena, imemaliza kazi yake." Alifuta bomba la kioo kwa kitambaa, akalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. "Mimi nataka kuifanya iwake tena."

Léonard alidhani anatania. Lakini Mademoiselle hakuwa anatania. Huko Ulaya, alisema, jambo hilo lilikwisha kufanywa kwa madini ya nikeli kabla yeye hajazaliwa. Maprofesa wake wa Liège walitaka kujua kama kobalti na shaba za Katanga zinaweza kulifanya pia, kwa joto gani, na kwa muda gani kabla hazijachoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya shahada ya udaktari. Akishindwa, atarudi kwao kufundisha watoto hesabu.

"Na kobalti inaungua pamoja nayo?" Léonard aliuliza.

"Hapana. Hapo ndipo penye ajabu. Kobalti inakaa tu. Gesi mbili zinakuja, ile ya moshi na hidrojeni, zinakutana juu ya uso wake, zinaondoka zikiwa kitu kingine. Yenyewe inabaki kobalti. Tunaiita kichocheo."

Léonard alifikiri kidogo. "Kama padri kwenye ndoa," alisema. "Anaunganisha wawili, yeye anabaki padri."

Mademoiselle alicheka mpaka akaliweka bomba mezani lisije likamponyoka.

Kisha akamwonyesha ile hewa. Alimimina asidi juu ya vipande vya chokaa ndani ya mtungi mpana; vikachemka bila moto, halafu vikatulia. Mtungi ulionekana mtupu. Akawasha mshumaa, akauinamisha mtungi juu yake kama mtu anayemwaga maji, na hakuna kitu kilichoonekana kumwagika. Mshumaa ukazimika. Haukupepea wala kupulizwa. Ulizimika tu, kama jicho linavyofumba.

Léonard aliutazama utambi uliokuwa bado unatoa moshi.

"Inaweza kuua mtu?" aliuliza.

"Ikijaa mahali, ndiyo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inalala chini, mashimoni, visimani, hasa kwenye nchi ya mawe ya chokaa kama hii. Mtu anashuka, anavuta pumzi chache, anapoteza fahamu."

"Haiachi alama?"

"Haiachi alama yoyote." Mademoiselle alimtazama. "Kuna nini, Monsieur Numbi?"

"Hakuna kitu, Mademoiselle," alijibu, akaokota kitambaa akaendelea kufuta vioo vilivyokwisha kung'aa.

Lakini kitu kilikuwapo. Kaka yake mkubwa, Stanislas, alikuwa na shamba kando ya barabara ya Kipushi, pale alipohamia baba yao baada ya kuacha kazi ya reli. Stanislas alimwoa Germaine Chileshe, binti wa familia zilizolima ardhi ile tangu kabla migodi haijafunguliwa. Kwa kuwa nchi ilikuwa ya babu zake, Germaine ndiye aliyeonyesha mahali pa kuchimba kisima. Kisima kikatoa maji mazuri. Kisha ukaja mwaka wa ukame, maji yakashuka, na Stanislas akateremka kwa ngazi ya kamba kwenda kukiongeza kina. Hakupiga kelele. Mkewe alimwita juu ya ukingo, akamwita tena. Jirani yao Mulenga akafungwa kamba kiunoni akateremshwa. Hakufika hata nusu, mwili ukalegea, wakamvuta juu haraka. Alipozinduka alisema neno moja tu: pumzi ilikatika.

Stanislas alitolewa kwa kulabu. Hakuwa na jeraha wala alama ya nyoka, na maji kule chini hayakufika hata magotini. Mama yao, Laurentine, aliuosha mwili wa mwanawe kwa mikono yake, akautafuta pote sababu ya kifo, asiione. Ndipo akauliza mbele ya waombolezaji: "Nani alionyesha fasi ya kuchimba?" Swali hilo peke yake lilitosha. Matanga hayajaisha, Germaine alifukuzwa kama mchawi. Binti yake Virginie, aliyekuwa anaanza kutembea, akabaki kwa bibi yake, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Kisima kikafunikwa kwa magogo. Germaine akaenda kuishi Élisabethville, katika mtaa uitwao Kenya, akawa anauza sokoni samaki wakavu wa kutoka Kilwa ya Katanga, kando ya ziwa, na miaka tisa ilipita bila mtu wa familia ya Numbi kutamka jina lake mezani.

Léonard hakuwahi kuamini kabisa, wala kukataa kabisa. Sasa, kila alipoupita mshumaa ule juu ya meza, aligeuza uso.

Kazi ikaanza. Waliyeyusha chumvi ya kobalti, wakaichanganya na udongo mweupe, wakaukausha na kuuoka mpaka ukawa unga mweusi. Unga ukaingia ndani ya bomba la kioo kigumu, bomba likaingia ndani ya tanuru dogo la umeme. Upande mmoja ziliingia gesi mbili. Upande wa pili ilitoka gesi iliyopitishwa kwanza kwenye chupa ya magadi makali, yaliyokula mabaki yote ya gaz carbonique, ili kinachofika mwisho kiwe kipya tupu, kama kipo. Hidrojeni waliitengeneza wenyewe kwa kumwagia zinki asidi.

Siku moja mwanzoni kabisa, Mademoiselle alisogeza kiberiti kwenye mdomo wa mwisho, na moto ukashika. Léonard alipiga kofi kwa furaha. Mademoiselle hakupiga. Aliishika juu ya moto ule chupa ya kioo iliyofunikwa kifudifudi, akaigeuza haraka, akatia maji ya chokaa na kutikisa. Maji yalibaki maangavu.

"Ni hidrojeni tu," alisema. "Imepita kama ilivyoingia. Ingekuwa gesi yetu, yenye kaboni ndani, moto wake ungetoa gaz carbonique, na maji haya yangegeuka meupe." Akazima tanuru, akatoka nje, akasimama kwenye jua bila kofia.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Walibadili joto, walibadili unga, walijaribu shaba, wakarudi kwenye kobalti. Wakati mwingine lilionekana wingu jepesi ndani ya maji ya chokaa, kesho yake halipo. Profesa mmoja wa chuo, akipita mlangoni, alisema kwa mzaha kwamba Mademoiselle amevuka Afrika ili aje kuchemsha upepo. Mademoiselle alivumilia. Aliporudi kwenye kiti chake alifunga tena kifundo cha mpira kilichokwisha kufungwa.

Kisha asubuhi moja aliingia mbiombio na ukanda wa karatasi aliouchovya katika dawa ya risasi. Aliuweka mbele ya hidrojeni ikitoka kwenye asidi. Ukanda ukawa wa kahawia, halafu mweusi.

"Nimeipata!" alipaza sauti. "Sulfuri, Monsieur Numbi! Ipo ndani ya asidi yetu. Inakaa juu ya kobalti, inaziba kila nafasi. Tumekuwa tukimlisha sumu padri wako!"

Walitengeneza chupa za kusafishia gesi, moja baada ya nyingine, mpaka karatasi ya risasi ikabaki nyeupe. Wakatia unga mpya. Tanuru likapanda joto polepole, na Mademoiselle akafungua gesi zote mbili.

Cha kwanza kilikuwa tone. Léonard ndiye aliyekuwa amesimama upande ule wa bomba ulio baridi, akaona ukungu umetanda ndani ya kioo, ukungu ukakusanyika, ukawa tone, tone likateleza. Maji. Yalikuwa yametoka kwa gesi mbili kavu, ndani ya bomba ambalo hakuna mtu aliyelitia hata unyevu. Hakuthubutu kusema. Alinyoosha kidole tu.

Mademoiselle alikuja, akainama, pumzi zake zikagusa kioo. Kisha akawasha kiberiti.

Moto huu haukufanana na ule wa hidrojeni. Ulisimama wa bluu chini na ncha ya manjano juu, mtulivu, kama taa ya sakristia. Mademoiselle aliushikia chupa, akaigeuza, akatia maji ya chokaa, akatikisa. Maji yakawa meupe palepale, meupe kama maji ya kuoshea muhogo.

Hakuna aliyepiga kofi safari hii. Walisimama pande mbili za meza wakiutazama. Ile hewa ambayo mshumaa haukuweza kuishi ndani yake sasa ilikuwa inawaka, na kati ya ile ya mwanzo na hii hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi jeusi lililotoka kwenye mawe ambayo Léonard aliyapima maisha yake yote akiyahesabu kuwa mzigo wa mabehewa. Alijikuta amefanya ishara ya msalaba. Mademoiselle, ambaye haendi misa, hakucheka. Machozi yalimtoka, na alisema neno la lugha ya nyumbani kwao, si Kifaransa, ambalo Léonard hakulijua wala hakuuliza maana yake.

Ndipo Léonard akamweleza habari za Stanislas, yote, mpaka siku aliyofukuzwa Germaine.

Mademoiselle aliketi. "Kwa nini hukuniambia siku ile ya mshumaa?"

"Nilitaka kwanza nione kama maneno yako yanafika mahali," alisema Léonard. "Sasa nimeona. Nakuomba uje kwenye kisima chetu."

Walikwenda na gari la chuo, nyuma wamepakia taa ya mafuta, kamba, mpira mrefu wa maji, pampu ya mkono ya kujazia matairi na mipira ya ndani ya matairi ya lori, mitupu, imekunjwa. Mama Laurentine alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda mgongo bila kuukubali.

"Huyu mwanamuke muzungu anatafuta nini ku kisima yetu?" alimuuliza mwanawe.

"Anataka kuona hewa yenye iko ndani, Mama."

"Hewa iko fasi yote. Juu ya nini anaifuata huku?"

Léonard aliondoa magogo kwa mikono yake. Virginie, msichana mwenye shingo ndefu kama ya mama yake, alizuiwa mlangoni na bibi yake asisogee. Taa ikafungwa kwenye kamba, ikateremshwa ikiwaka. Iliangaza mawe ya ukutani, ikateremka, ikaangaza mengine, kisha mwanga ukapungua, ukawa uzi mwekundu, ukafa. Kule chini hapakuwa na upepo hata wa kutikisa utando wa buibui.

"Unaona, Mama?"

"Minaona," Mama Laurentine alijibu, macho yake makavu. "Ule mwenye kuua mwana wangu anazima na taa."

Léonard alitafsiri, amevunjika moyo. Mademoiselle alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako yuko sahihi," alisema. "Taa imeonyesha kwamba kuna kitu. Haijaonyesha ni kitu gani. Basi tukipeleke mjini kama tulivyopanga, tukamuulize kobalti."

Waliteremsha mpira mpaka chini kabisa, wakaufunga kwenye upande wa pampu unaovuta hewa, wakaanza kujaza mipira ya matairi kwa zamu. Mipira ikavimba, ikawa myeusi na minene juani. Mama Laurentine aliitazama kama mtu anayetazama nyoka wakitiwa guniani.

"Munaibeba mu gari? Mpaka mu ville?"

"Ndiyo, Mama, mpaka mujini."

"Basi na mie ninaenda. Nilizika mwana mumoja. Wa pili hatabeba hii kitu peke yake, mie nikikaa ku nyumba."

Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kanisani, akapanda mbele, katikati ya mwanawe na yule Mzungu, mkoba juu ya magoti, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Asichojua ni kwamba Léonard alikuwa amepita soko la Kenya siku iliyotangulia. Germaine alimpokea bila kusimama, amekaa nyuma ya samaki wake.

"Shemeji, miaka yote hii, na leo njo unanitafuta?"

"Kuna kitu nataka uone."

"Nimeona ya kutosha."

"Ni hewa yenye iliua yaya Stanislas," alisema Léonard, akimwita kaka yake mkubwa kwa neno la nyumbani.

Mkono wa Germaine uliokuwa unapanga samaki ulisimama. "Hewa," alirudia. Akamtazama shemeji yake muda mrefu, kama anayetafuta mahali uongo ulipojificha, na asipouona akauliza aje maabara saa ngapi.

Basi walipoingia maabara, Germaine alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, kitambaa kipya kichwani, mgongo umenyooka. Mama Laurentine alisimama kizingitini. Hawakusalimiana. Léonard alimwekea mama yake kiti upande wa pili wa meza, na wale wanawake wawili wakakaa wakitazamana juu ya vioo kama watu wa kesi mbele ya hakimu.

Mademoiselle aliunga mpira wa kwanza wa tairi kwenye chupa za kusafishia. Léonard alieleza kila hatua kwa Kiswahili cha mjini, maneno machache: hii ni hewa ya kisima, hii ni ya pili ya kuikutanisha nayo, humu ndani iko unga wa kobalti, vumbi ya mawe ya Katanga. Alipobonyeza mpira, gesi ilianza kupanda mapovu ndani ya chupa, polepole, na Mama Laurentine akashika rozari ndani ya mkoba wake bila kuitoa.

Walisubiri. Jua lilihama kutoka meza moja hadi nyingine. Ukungu ukatanda ndani ya kioo, matone yakaanza.

"Mayi inatoka wapi?" Germaine aliuliza, akisahau kwamba alikuwa amenuia kunyamaza.

"Ndani ya hewa," alisema Léonard.

Mademoiselle aliwasha kiberiti, halafu akakifikiria na kukizima. Alimpa Léonard kile kisanduku. Léonard akawasha chake, akakisogeza kwenye mdomo wa mwisho.

Moto ukasimama. Wa bluu, na ncha ya manjano.

Mama Laurentine aliinuka bila kujua kwamba ameinuka. Alikaribia mpaka mwanga ule mdogo ukaonekana ndani ya macho yake yote mawili.

"Njo ile?" alinong'ona. "Yenye ilikuwa chini kule na mwana wangu?"

"Njo ile, Mama."

"Na inawaka kama taa ya Bwana."

Mademoiselle akapitisha hewa ya kisima kidogo ndani ya chupa yenye maji ya chokaa, yakawa meupe; kisha akayatia mengine ndani ya gilasi safi, akamwomba Léonard amwambie mama apulize ndani yake kwa mrija. Mama Laurentine alipuliza, mashavu yamejaa, na maji yakawa meupe. Akashtuka akarudi nyuma. Gilasi nyingine akapewa Germaine. Akapuliza, yakawa meupe vilevile. Léonard akapuliza. Mademoiselle naye akapuliza. Gilasi nne zikasimama mezani, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya nani.

"Ni hewa ile ile," Léonard alisema. "Tunaitoa sisi wote, kila tukipumua. Ikiwa kidogo haina neno. Kule chini ilikuwa mingi, imejilundika, na yaya hakuiona. Hata mie singeiona. Hakuna muntu aliiweka."

Mama Laurentine alizitazama zile gilasi. Halafu akamgeukia Mademoiselle, akamuuliza yeye moja kwa moja, kana kwamba Kiswahili chake lazima kieleweke kwa jambo kama hili.

"Aliumia?"

Mademoiselle alielewa bila mkalimani. Akatafuta maneno, akayapata machache. "Hapana, Mama. Alilala. Mbio mbio. Alilala tu."

Ndipo yule mama mrefu akakunjika. Alilia kwa sauti ambayo Léonard hakuisikia hata siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na mtu wa kumkasirikia na hasira ilimsimamisha. Sasa hapakuwa na mtu. Alikalia sakafu ya maabara, viatu vya kanisani vimetokeza mbele yake, na moto wa bluu ukaendelea kuwaka juu ya kichwa chake mpaka mpira wa tairi ukawa umenywea.

Germaine hakumkimbilia. Alibaki kitini, midomo imebana, naye machozi yanamshuka. Kilio kilipopungua, Mama Laurentine alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mama Virginie," alisema.

Jina hilo hakuwa amemwita tangu msiba.

"Mama," Germaine akajibu, sauti kavu. "Kule nyumbani batu bote bananiita muchawi. Batoto bananiimba. Nani atabaambia?"

"Mie. Mie njo nilibaambia ya kwanza."

Na aliwaambia. Jumapili ile, baada ya misa, watu wakiwa bado wamejazana nje ya kanisa la njia ya Kipushi, Mama Laurentine alipanda juu ya ngazi akasema kwamba mwanawe aliuawa na hewa nzito ya chini ya ardhi, kwamba ameiona kwa macho yake ikiwaka kama taa, na kwamba Germaine Chileshe hakutenda neno. Wengine walitikisa vichwa; mzee Mulenga alilia; wapo waliosema mama huyu amelishwa kitu na Wazungu. Aliwatazama hao mmoja mmoja mpaka wakainamisha nyuso.

Germaine hakuja Jumapili ile, wala iliyofuata. Alikuja siku ya kazi, bila kutangaza, amebeba kapu kichwani. Virginie alikuwa anatwanga. Msichana aliacha mchi ndani ya kinu, akasimama, mikono imening'inia, hajui afanye nini na mama mwenye sura kama yake. Germaine aliweka kapu chini, akashika mchi, akaendelea kutwanga pale mtoto alipoachia. Baada ya kitambo Virginie akachukua mchi wa pili. Mama Laurentine alikuwa ndani, na alikaa humo mpaka unga ukawa tayari, ndipo akatoka kuwasha moto. Baadaye mambo hayakuwa mepesi kila siku. Yalikuwapo maneno makali, na siku ambazo Germaine alirudi mtaa wa Kenya bila kuaga. Lakini Virginie alianza kulala kwa mama yake likizo za shule, na hakuna aliyemzuia.

Kazi ya maabara iliendelea mpaka mvua zikaanza, zikaisha, kiangazi kikarudi. Kobalti ilichoka, ikaamshwa, ikachoka tena. Shaba ilitoa mambo mengine ambayo Mademoiselle aliyasomea kwa wiki nzima bila kula vizuri. Siku za mwisho, wakifunga vioo kwenye majani makavu, Léonard aliuliza swali alilokuwa nalo tangu lile tone la kwanza.

"Mademoiselle, sasa kobalti inajuaje? Gesi mbili zinapita, yenyewe inazishika na kuziachia zikiwa kitu kingine. Inafanyaje hasa?"

Mademoiselle aliliweka chini bomba alilokuwa analifunga.

"Sijui," alisema. "Najua lini inafanya na lini inakataa. Ndani yake, pale gesi zinapogusana nayo, hakuna mtu duniani anayejua sawasawa. Nikilala nafikiria hilo." Akatabasamu. "Wewe pia, sasa."

Ilikuwa kweli. Léonard alianza kushika mawe ya kijani ya barabarani kama mtu anayeshika mkono wa mgeni asiyemfahamu.

Mwaka uliofuata simu ya maandishi ilifika chuoni kutoka Liège: Mademoiselle Maréchal ametetea kazi yake, sasa ni daktari. Léonard aliipeleka habari hiyo njia ya Kipushi jioni ile ile, kwa baiskeli. Mama yake alikuwa anachambua maharage pamoja na Virginie.

"Daktari ya nini?" aliuliza.

"Ya hewa, Mama."

Mama Laurentine alilifikiria jambo hilo, akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage.

"Ni muzuri," alisema. "Hewa nayo inagonjwa."